Chumvi Isiyotiwa Kwenye Mchuzi

Kemikali ya hatari inayopita katika bandari kama Kilindini ya Mombasa hutambulishwa kwa namba kabla ya jina. UN 2630 ni namba ya seleniti na selenati. Kibandiko chake kina fuvu la kichwa, kundi lake ni 6.1, yaani sumu, na daraja lake la upakiaji ni la kwanza, lile la hatari kubwa kuliko yote. Anayefungua pipa lenye namba hiyo bila glavu na barakoa anacheza na roho yake. Ajabu ni kwamba kemikali hiyohiyo, kwa kiasi kidogo mno, imo katika madini wanayolambishwa ng'ombe wa maziwa, na katika baadhi ya vidonge vya vitamini vinavyouzwa madukani.

Inayotumika sana katika jamii hiyo ni seleniti ya sodiamu. Ni unga mweupe usio na harufu, unaoyeyuka majini bila taabu. Kwa macho matupu ni vigumu kuutofautisha na chumvi ya jikoni. Hutengenezwa kwa kuchanganya oksidi ya seleni na kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni. Karibu asilimia 46 ya uzito wake ni seleni yenyewe, elementi ambayo Jöns Jacob Berzelius wa Uswidi aliitambua mwaka 1817 katika mashapo ya kiwanda cha asidi ya salfa.

Mafundi wa vioo ni wateja wake wa siku nyingi. Mchanga huwa na chuma, na chuma hutia kioo ukijani. Seleniti kidogo ikitiwa tanurini huzaa wekundu hafifu. Rangi hizo mbili hufutana, na chupa hutoka bila rangi.

Mwilini kazi yake ni nyingine kabisa. Hadi katikati ya karne iliyopita wataalamu waliijua seleni kama sumu ya mifugo tu. Mwaka 1957 Klaus Schwarz na Calvin Foltz walionyesha kwamba panya walioikosa waliharibika ini. Leo inajulikana kuwa mwili huitumia kujenga vimeng'enya vinavyolinda seli, na vingine vinavyoendesha homoni za tezi ya shingo. Huko China, katika wilaya ya Mianning, watoto walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa moyo uitwao Keshan, kwa kuwa udongo wao hauna seleni ya kutosha. Katika miaka ya 1970 maelfu yao walipewa vidonge vya seleniti ya sodiamu mara moja kwa wiki, na ugonjwa ukapungua sana.

Kiasi kinachohitajika ni kidogo kiasi cha kuchekesha. Mtu mzima anatakiwa kupata takriban mikrogramu 55 za seleni kwa siku. Kwa hesabu hiyo, gramu moja ya seleniti ya sodiamu ina seleni ya kumtosha mtu mmoja kwa zaidi ya miaka 22. Wataalamu wa Marekani wameweka kikomo cha mikrogramu 400 kwa siku. Wale wa Ulaya, tangu 2023, wameshuka hadi 255. Nafasi kati ya haja na madhara ni finyu.

Mombasa yenyewe ina ushahidi wa jambo hili. Mwaka 2001 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wanawake 318 wa mji huo wanaoishi na VVU. Asilimia 11 walikuwa na upungufu wa seleni, na hao walielekea mara tatu zaidi kuwa na seli zenye virusi katika njia ya uzazi. Yeyote angesema: basi wapewe seleni. Ndivyo ilivyofanyika. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2004, wanawake 400 wa Mombasa ambao hawajaanza dawa za kupunguza makali waligawanywa: wengine walipewa vitamini B, C na E pamoja na mikrogramu 200 za seleni kila siku kwa wiki sita, wengine vidonge vitupu. Seli za kinga za CD4 ziliongezeka, lakini virusi ukeni navyo viliongezeka, hasa kwa wale ambao seleni yao ilikuwa ya kawaida tangu mwanzo. Kidonge kilikuwa mchanganyiko, kwa hiyo si haki kuibebesha seleni lawama yote. Hata hivyo, dhana kwamba nyongeza haidhuru ilivunjika hapo.

Kwa mifugo makosa huwa ya ghafla zaidi. Aprili 2009, huko Florida, farasi 21 wa mchezo wa polo walikufa baada ya kudungwa mchanganyiko ambao seleni yake ilipimwa vibaya. Mfugaji anunue madini yaliyokwisha kuchanganywa kiwandani, asijaribu kupima chumvi ya seleniti mwenyewe. Tani nzima ya chakula cha mifugo haihitaji hata gramu moja yake.

Mla jodari, nguru au mayai mara kwa mara tayari anaipata seleni mezani. Anayetaka vidonge apime damu kwanza. Aliyekwisha kuvianza, akiona pumzi inanuka kitunguu saumu, kucha zinakatika na nywele zinanyonyoka, aviache na amwone daktari siku hiyohiyo.