Kuanika, Kufunga au Kutega: Maneno ya Kazi ya Paneli za Jua Kambini

Mji wa Songea uliunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2018, kwa njia ya umeme itokayo Makambako. Hata hivyo, mpima ardhi, afisa ugani au mwalimu wa skauti apigaye kambi mbali na nguzo za umeme, huko Namtumbo au katika milima ya Mbinga, hana budi kwenda na umeme wake. Wengi sasa huchukua paneli ya jua. Vijitabu vya maelezo vya vyombo hivi aghalabu huandikwa kwa lugha za kigeni, na mfasiri huombwa avifasiri. Makala hii yakusudia kuonyesha kwamba katika kazi hiyo majina ya vifaa si taabu kubwa. Taabu kubwa imo katika vitenzi na maneno ya mwelekeo.

1. Majina ya vifaa

Katika mazungumzo neno "sola" hutumika kwa bamba, kwa taa, na hata kwa umeme wenyewe. Katika maelezo ya kazi yafaa tupambanue. Paneli ya jua ni bamba lenye seli zigeuzazo mwanga kuwa umeme. Betri huhifadhi umeme huo. Kidhibiti chaji hukaa kati ya viwili hivyo ili betri isijazwe kupita kiasi. Umemejua ni umeme upatikanao. Agizo "Unganisha sola kwanza" laweza kuharibu chombo, kwa kuwa utaratibu wa kawaida ni kuunganisha betri na kidhibiti kwanza, kisha paneli. Wakati wa kufungua, paneli ndiyo hutangulia kutolewa.

2. Kubeba

Paneli ya kubebeka si lazima iwe paneli ya kukunja. Paneli ya kioo ya wati 100, yenye fremu ya alumini, huwa na uzito wa kilo saba hivi, nayo hubebeka. Ikisafirishwa garini, isimamishwe kwa ubavu, izungushiwe blanketi, isiwekewe mzigo juu, wala isishikwe kwa nyaya zake. Hapa mfasiri atenganishe kuvunjika na kupata ufa. Kioo chaweza kufika kizima, na seli zilizo chini yake zikawa na nyufa zisizoonekana kwa macho. Kwa hiyo agizo la kutazama kioo peke yake halitoshi. Paneli ipimwe umeme wake kabla ya safari na baada yake.

3. Kuweka juani

Vitenzi vitatu vyashindania kazi hii. Kufunga ni kukaza chombo mahali pa kudumu, kama juu ya paa; hakufai kwa chombo kitakachong'olewa kesho. Kuanika ni neno letu la asili: mkulima wa Songea huanika muhogo, na wa Mbinga huanika kahawa. Lakini kinachoanikwa hutandazwa tu, wala hakielekezwi popote, na paneli iliyotandazwa chini hupungukiwa nguvu. Kutega ni kuweka kitu kwa shabaha ili kipate kinachokuja, kama tunavyotega mtego, maji ya mvua na hata sikio. Twapendekeza kutega paneli, kwa maana ya kuiweka kwa mwelekeo na mwinamo uliokusudiwa.

Kukinga kuepukwe. Tukikinga maji twayapokea, bali tukijikinga na jua twalizuia. Msomaji aambiwaye "akinge jua" aweza kutafuta mti, na kivuli cha tawi moja juu ya seli chache chaweza kupunguza sana umeme wa paneli nzima, maana seli zimeunganishwa mfululizo.

4. Mwelekeo

Hapa ndipo tafsiri sahihi ya neno huweza kuzaa agizo la uongo. Kijitabu kilichoandikwa Ulaya husema paneli ielekezwe kusini, na kwa Ulaya ni kweli. Songea iko karibu nyuzi 11 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni, katikati ya kiangazi ambacho ndicho msimu wa kambi, jua la adhuhuri hapo huegemea kaskazini kwa nyuzi 34 hivi kutoka utosini. Paneli iliyolazwa hupoteza karibu sehemu moja katika sita ya miali ya jua wakati huo. Ile iliyoinamishwa nyuzi 34 kusini hubakiwa na kidogo kuliko theluthi mbili za hasara: hupata zaidi kidogo ya theluthi moja tu.

Jua hufika utosini Songea karibu tarehe 20 Februari na tena karibu tarehe 21 Oktoba. Kati ya Oktoba na Februari huegemea kusini, kwa nyuzi 13 hivi mwezi Desemba. Basi mfasiri asiandike "kusini" wala asibadilishe tu kuwa "kaskazini". Aandike: "Tega paneli ilikabili jua la adhuhuri." Kipimo chake ni chepesi: kijiti kisimamishwe wima juu ya uso wa paneli, kivuli chake kikitoweka, paneli imelikabili jua.

Mwalimu na mtumishi wa umma watakaosoma tafsiri hiyo porini hawatakuwa na kijitabu cha asili cha kulinganisha. Watatenda kama walivyoambiwa. Kwa hiyo mfasiri na aulize kwanza jua liko wapi, ndipo afungue kamusi.