Fotogrametria ya Anga na Mipaka ya Mashamba nchini Kenya: Kutoka Ramani ya Nchi hadi Ramani ya Masjala ya Ardhi

Fotogrametria ni taaluma ya kupata vipimo vya ardhi kutoka katika picha. Katika sekta ya ramani nchini Kenya, taaluma hii ilipewa kazi mbili zinazoelekea kufanana lakini zisizovumilia makosa kwa kiwango kimoja: kuchora ramani ya nchi, na kuchora ramani ya mashamba ya watu. Makala haya yanaeleza jinsi picha za anga zilivyofaa katika kazi ya kwanza, na kwa nini picha za aina hiyo hiyo, zilipotumiwa katika kazi ya pili bila kusahihishwa, ziliacha hitilafu ambazo masjala za ardhi na mahakama zinaendelea kukabiliana nazo.

Mwaka 1946 serikali ya Uingereza iliunda kurugenzi maalumu ya upimaji wa makoloni, ikiongozwa na Martin Hotine. Ndege za jeshi la anga la nchi hiyo zilipiga picha katika maeneo makubwa ya Afrika Mashariki, na ramani za mandhari za kipimo cha 1:50,000 zikachorwa kutokana nazo. Picha zilipigwa kwa mistari sambamba, kila picha ikifunika takriban asilimia 60 ya eneo la picha iliyoitangulia. Sehemu inayofunikwa na picha mbili huonekana kutoka pembe mbili tofauti. Ikitazamwa kwa stereoskopu, milima huinuka na mabonde huzama mbele ya macho ya mchoraji, na kutokana na tofauti ya nafasi za kitu kimoja katika picha hizo mbili, mwinuko wake hukokotolewa. Hata hivyo, picha peke yake haijui iko wapi duniani. Ilibidi wapimaji watembee, wapande vilele, na kubaini kwa upimaji wa pembetatu mahali halisi pa alama chache ambazo picha zote zingefungwa kwazo.

Katika kipimo cha 1:50,000, nusu milimita ya ramani ni mita 25 za ardhi. Mto au barabara ikikosewa kwa kiasi hicho, msafiri hapotei na mhandisi anayechagua njia ya reli hadhuriki. Hali hubadilika mara mstari unaochorwa unapokuwa mpaka wa shamba.

Kazi ya pili ilishika kasi baada ya mwaka 1954, Mpango wa Swynnerton ulipolenga kubadili kilimo cha Waafrika kwa kuwapa wakulima hati za kumiliki ardhi. Katika nchi ya Wakikuyu, wakati wa hali ya hatari, vipande vya ardhi vilivyotawanyika vilipimwa, vikajumlishwa, na kila mwenye ardhi akagawiwa shamba moja. Kwingineko, hasa magharibi mwa nchi, mipaka iliyokuwapo tayari ilitambuliwa tu na kuandikishwa. Mamia ya maelfu ya mashamba yalihitaji ramani, na wapimaji wenye leseni walikuwa wachache. Kuweka bikoni za saruji katika kila pembe ya kila shamba kungechukua vizazi. Ufumbuzi uliochaguliwa ulikuwa rahisi na, kwa haki yake, wa busara: wakulima wapande ua mpakani, ndege ipite juu, na ua uonekanao katika picha uchorwe kuwa mpaka. Michongoma ikawa chombo cha upimaji.

Pale ambapo mipaka ya zamani ilitambuliwa tu, picha zilikuzwa hadi kipimo cha takriban 1:2,500 na mistari ya mipaka ikanakiliwa moja kwa moja juu yake. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Michoro ya Awali ya Faharasa, ambayo kwa neno “awali” ilikiri kuwa ingebadilishwa baadaye. Picha hizo zilikuzwa bila kusahihishwa kwa mwinuko wa ardhi wala kwa mwinamo wa ndege. Uzito wa jambo hili huonekana katika hesabu.

Ichukuliwe kamera yenye lenzi ya urefu wa fokasi wa milimita 152, ikipiga picha ya kipimo cha 1:12,500. Ndege itakuwa mita 1,900 juu ya uso wa wastani wa ardhi. Kilele kilicho mita 100 juu ya uso huo kiko karibu zaidi na kamera, kwa hiyo huonekana kikubwa. Shamba lililoko hapo, likipimwa kwa kipimo kilekile kimoja, litaonekana kuwa na eneo kubwa kuliko halisi kwa takriban asilimia 11. Shamba lililoko mita 100 chini ya uso huo litapungua kwa takriban asilimia 10. Wakulima wawili wenye ekari nne nne, mmoja mgongoni mwa kilima na mwingine bondeni, wataandikiwa takriban ekari 4.5 na 3.6. Tena, kitu kilichoinuka husukumwa mbali na kitovu cha picha: nukta iliyo kileleni, milimita 80 kutoka kitovu, huhama zaidi ya milimita nne katika picha, yaani kiasi cha mita 50 ardhini. Mita hizo 50 katika ramani ya 1:50,000 ni milimita moja tu. Katika mchoro wa 1:2,500 ni sentimita mbili, ambazo pengine ni upana mzima wa shamba. Katika nyanda tambarare kosa hili karibu halipo. Lakini ardhi yenye rutuba na watu wengi, iliyoandikishwa mapema, mara nyingi ndiyo yenye migongo na mabonde.

Watunga sheria waliufahamu udhaifu huu. Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka 1963 iliweka kanuni ya mipaka ya jumla, na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 imeihifadhi katika kifungu cha 18: ramani ya masjala huonyesha mpaka na mahali pa shamba kwa makadirio tu, isipokuwa mpaka huo uwe umethibitishwa rasmi. Mahakama haiwezi kusikiliza shauri la mpaka kabla mpaka wenyewe haujaamuliwa kwa utaratibu unaomhusisha msajili. Kifungu cha 20 kinamtaka kila mmiliki atunze ua, ukuta au bikoni zake. Kwa hiyo, kisheria, mchoro hauusahihishi ua. Ua ndio unaousahihisha mchoro. Mnunuzi anayefika na hati mkononi, akadai asogezewe ua kwa sababu ekari za hati hazikutimia, anaiomba picha ushahidi ambao haikuwahi kuwa nao.

Tiba ya kitaalamu ilifahamika tangu mwanzo. Ilikuwa kuruka upya baada ya nyua kukua, kuzisahihisha picha kwa alama zilizopimwa ardhini, na kuchora ramani mpya za masjala. Mpango huo ulitekelezwa, hasa katika maeneo yaliyounganishwa mashamba, lakini haukufika kila mahali, na michoro ya awali ingali inatumika. Muda nao haukusubiri: nyua zilikatwa kuni, mashamba yakagawanywa kwa warithi, na vipande vipya vikachorwa ndani ya mistari ya zamani yenye kosa lilelile.

Ndege zisizo na rubani na vipokezi vya satelaiti vimeondoa ugumu wa kiufundi. Leo ramani-picha iliyosahihishwa, yenye usahihi wa sentimita chache, hupatikana kwa kata nzima katika siku chache. Hatari mpya imetokea mahali pengine. Tangu mwaka 2021, kupitia mfumo wa Ardhisasa ulioanzia Nairobi, kumbukumbu za ardhi zinahamishiwa katika kompyuta. Mchoro wa awali ukiskaniwa, kila pembe ya shamba hupata namba za kuratibu zenye desimali kadhaa, na desimali hizo hushawishi kuliko mstari wa penseli ulioufanya mchoro. Mpimaji akizipeleka namba hizo shambani kwa kipokezi chake, ataweka alama ndani ya nyumba ya jirani na kuamini kuwa jirani ndiye aliyevamia.

Ramani-picha mpya inaweza kuonyesha kwa uhakika mahali ua ulipo leo. Haiwezi kuonyesha kama ua huo ulisogezwa usiku mwaka 1987, wala kama ndugu wawili walikubaliana njia ya kwenda mtoni ipite upande gani. Ndiyo sababu kifungu cha 19, kinachoruhusu mpaka kuthibitishwa kwa upimaji kamili, kinamtaka msajili awaarifu kwanza wamiliki wa mashamba yanayopakana na kuwapa nafasi ya kusikilizwa, kabla mahali hasa pa mpaka hapajapimwa na kuandikwa katika rejesta.