Saratani ya tumbo na utumbo: Kwa nini lishe kabla ya upasuaji hupunguza hatari ya maambukizi

Mgonjwa wa saratani ya tumbo au ya utumbo anapopangiwa siku ya upasuaji, familia nyingi hushughulikia kwanza gharama, usafiri na mtu wa kumuuguza wodini. Suala la chakula huachwa hadi baada ya operesheni. Hata hivyo, hali ya lishe ya mgonjwa siku anapoingia chumba cha upasuaji ni miongoni mwa mambo yanayoamua iwapo kidonda chake kitafunga au kitatunga usaha.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la The Lancet Global Health uliwahusisha wagonjwa 5,709 waliofanyiwa upasuaji wa saratani ya tumbo au ya utumbo mpana katika nchi 75. Mmoja kati ya watatu alikuwa na utapiamlo mkali. Katika nchi za kipato cha chini na cha kati-chini, kiwango hicho kilifikia asilimia 62.5. Wenye utapiamlo mkali walikabiliwa na hatari kubwa zaidi ya kufariki ndani ya siku 30 baada ya upasuaji, katika nchi tajiri na maskini vilevile.

Kwa nini kidonda hushindwa kupona?

Uvimbe huziba njia ya chakula, huondoa hamu ya kula na huweza kusababisha damu kuvuja polepole. Mwili unapokosa chakula huanza kutumia misuli yake wenyewe. Protini inayohitajika kuunganisha nyama iliyokatwa, na kutengeneza chembechembe za kinga, huwa imepungua.

Utumbo nao hubeba bakteria wengi mno. Ukikatwa na kuungwa, mshono dhaifu unaweza kuvuja na kumwaga uchafu ndani ya tumbo, hali inayohatarisha maisha.

Hatua za usafi zinasaidia. Rwanda ilikuwa miongoni mwa nchi 7 zilizoshiriki jaribio lililochapishwa mwaka 2022, ambamo madaktari walibadilisha glavu na vifaa kabla ya kufunga kidonda cha tumbo. Maambukizi yalishuka kutoka asilimia 18.9 hadi 16.0. Kwamba maambukizi hayakutoweka kunaonesha umuhimu wa kuimarisha pia mwili wa mgonjwa.

Familia ifanye nini?

Hatua ya kwanza ni mizani. Mtu wa kilo 60 aliyepungua zaidi ya kilo 3 katika miezi sita bila kukusudia anapaswa kufanyiwa tathmini ya lishe. Akipungua zaidi ya kilo 6, hali hiyo huhesabiwa kuwa kali. Miongozo ya Ulaya hushauri kwamba mgonjwa wa namna hii apewe lishe maalumu kwa siku 7 hadi 14 kabla ya upasuaji mkubwa, hata ikilazimu kuuahirisha. Uamuzi huo ni wa daktari; familia isiahirishe matibabu kwa hiari yake.

Katika hospitali nyingi za umma, ndugu ndio wanaoleta chakula. Maharagwe, mayai, maziwa, karanga, dagaa na uji wa mtama, soya na mahindi, maarufu kama sosoma, hupatikana katika masoko ya Kigali na vina protini. Ni vyema kula kidogo kidogo mara nyingi kwa siku. Anayetapika kila anachokula, au ambaye tumbo lake limejaa na hapati choo, asilazimishwe kula; apelekwe hospitali haraka.

Kufunga kula muda mrefu kupita kiasi nako hudhoofisha. Kwa mgonjwa asiye na kizuizi tumboni, miongozo ya sasa huruhusu chakula kigumu hadi saa sita kabla ya dawa ya usingizi, na maji hadi saa mbili. Operesheni ikicheleweshwa, ndugu wamuulize muuguzi iwapo mgonjwa anaweza kunywa.

Baada ya kuruhusiwa kurudi nyumbani, uangalizi uendelee kwa siku 30. Homa, maumivu yanayozidi, wekundu au usaha kwenye kidonda ni sababu ya kurejea hospitalini siku hiyohiyo, bila kusubiri tarehe ya kliniki.