Maji ya Kinjeketile Darasani

Vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905, nchi iitwayo Tanganyika haikuwapo. Wamatumbi, Wangindo, Wangoni na wengineo walikuwa na viongozi wao na visa vyao na Mjerumani. Kilichowaunganisha ni dawa: maji ya Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, ambayo yaliaminika kuzigeuza risasi kuwa maji.

Ebrahim Hussein alichapisha tamthilia yake, Kinjeketile, mwaka 1969. Taifa changa lilihitaji mashujaa, naye angeweza kulichongea shujaa asiye na doa. Badala yake alituumbia mtu mwenye shaka. Kinjeketile anapandwa na pepo Hongo, anawapa watu maji, kisha anabaini kwamba kinywa chake mwenyewe kimetamka kuwa watakuwa watoto wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar. Yaani wamtoe Mjerumani, wamwingize Sultani? Anawasihi wangoje, lakini imani imeshawakolea. Mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa ayakane maji. Anakataa: akiyakana, vizazi vijavyo vitaambiwa kwamba hata kuidai ardhi yao lilikuwa kosa.

Somo la uraia humwambia mwanafunzi kwamba umoja ni jambo jema. Tamthilia hii humtaka aamue kama umoja uliojengwa juu ya jambo lisilo la kweli una thamani, na nani alipe gharama yake. Kijana wa Songea, mji ambako viongozi wa Wangoni walinyongwa Februari 1906, huenda alizisikia habari hizi kwa bibi yake. Mwenzake wa Bukoba, ambako vita havikufika, anazikuta kitabuni. Wanapobishana juu ya uamuzi ule ule, kwa Kiswahili, msiba wa kusini unakuwa wa wote wawili. Sijui somo jingine linaloifanya kazi hiyo vizuri kiasi hiki.

Ndiyo maana inaniuma kuona tamthilia hii ikifundishwa kwa kijitabu cha mwongozo: dhamira ya kwanza umoja, ya pili ushujaa, ya tatu ukombozi, kariri ukajibie mtihani. Mwanafunzi huyo atafaulu bila kumkuta Kinjeketile kamwe. Mwalimu asome onyesho la mwisho kwa sauti, aligawe darasa, nusu wamtetee mfungwa, nusu wamshawishi aseme ukweli kuhusu maji. Kengele ikilia kabla hawajaafikiana, waendelee nao mjadala njiani.