Vidonge vya Maumivu na Hifadhi ya Utumbo

Mchukuzi aliyeshinda akibeba magunia katika soko la Kenya, hapa Lubumbashi, aghalabu hupita jioni kwenye farmasi ya mtaani akanunua vidonge vya ibuprofeni au diklofenaki pasipo kumuuliza tabibu. Na kwa kuwa mgongo hupoa usiku ule ule, hadhani kwamba dawa iliyomfaa mgongoni yaweza kumdhuru tumboni.

Mwaka 1971 mtaalamu wa Uingereza, John Vane, alibainisha kwamba aspirini na jamaa zake, ibuprofeni na diklofenaki zikiwemo, huuzuia mwili usiunde prostaglandini, ambazo huchochea maumivu na uvimbe, lakini ndizo pia zinazouhifadhi utando wa tumbo kwa ute na kwa damu ya kutosha. Zikipungua, vidonda hupata nafasi. Omeprazoli, dawa inayopunguza asidi, hulinda tumbo na mwanzo wa utumbo. Ama katika sehemu za chini za utumbo mwembamba, ambako asidi siyo adui mkuu, dawa ya maumivu ikichanganyika na nyongo hudhoofisha utando, na bakteria wakapenya na kuzidisha uvimbe.

Ndiyo maana wataalamu wakaelekea kwa bakteria wenye manufaa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, watu 75 wenye afya walimeza aspirini kwa majuma 6, baadhi yao wakapewa pia Bifidobacterium breve ya namna iitwayo Bif195. Kamera ndogo iliyomezwa kama kidonge ikaonyesha kwamba utumbo wa hawa uliumia kidogo kuliko wa wenzao. Ithibati hiyo ni njema, ila inahusu namna moja mahsusi, tena kwa watu wasio wagonjwa.

Je, kinywaji chetu cha munkoyo nacho chaweza kuulinda utumbo? Uji wa mahindi hutiwa mizizi iliyopondwa, ukageuka mwepesi na mtamu, kisha bakteria wa asidi ya maziwa wakauchachusha. Ni jamaa wa bakteria wanaochunguzwa maabara, lakini ujamaa si usawa, na chungu kimoja hakifanani na kingine. Basi munkoyo na unywewe kwa kiu, wala usifanywe ruhusa ya kuongeza vidonge.

Hadhari iliyo dhahiri ni kumeza kipimo kidogo kinachotosha, kwa siku chache, bila ya kuchanganya dawa mbili za jamii moja. Na mzee, mja mzito, aliyewahi kuugua vidonda au anayetumia dawa za kuzuia damu isigande, amwulize kwanza tabibu kama parasetamoli yamfaa. Anayetapika damu, au kupata choo cheusi kama lami, aende hospitali saa ile ile.