Pumzi Kabla ya Neno: Zoezi Dogo kwa Viongozi wa Tana River

Chifu wa Tana River hana msimu wa kustarehe. Tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua zilikosekana misimu 5 mfululizo. Kazi yake ikawa kuandikisha kaya zenye njaa na kuwapatanisha wakulima na wafugaji waliogombea malka za kuteremshia mifugo mtoni. Novemba 2023 mvua za El Nino zikaja, na watu wale wale waliokuwa wakililia maji ikabidi wahamishwe yasije yakawachukua. Aprili na Mei 2024 mto ukafurika tena. Naibu wa chifu, mzee wa kijiji, mwakilishi wadi, mwalimu mkuu ambaye madarasa yake yamegeuka makao ya waliohamishwa: wote hupigiwa simu usiku, na wote hutarajiwa kujibu kwa sauti tulivu.

Utulivu huo ni suala la uhai. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, mapigano ya Tana Delta katika vijiji kama Riketa, Kilelengwani na Kipao yaliua watu zaidi ya 100. Mizizi yake ilikuwa mirefu: ardhi, malisho, maji na siasa za uchaguzi uliokuwa ukikaribia. Pumzi haitatui mgogoro wa ardhi. Lakini ng'ombe wanapoingia shambani, kabla vijana hawajakusanyika, kuna mtu anayepigiwa simu kwanza, na neno lake la kwanza huweza kuwasha au kuzima. Makala haya yameandikwa kwa ajili yake.

Mwili unapopokea habari mbaya

Ubongo ukihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo huenda mbio, misuli hukaza, pumzi hupanda kifuani ikawa fupi na ya haraka. Ukikutana na kiboko ukingoni mwa mto, maandalizi hayo ni neema. Chifu aliyeshika simu, hata hivyo, hahitaji kukimbia. Anahitaji kusikiliza pande mbili, kukumbuka nani ni nani na kupima maneno, na sehemu ya mbele ya ubongo inayofanya kazi hiyo ndiyo hulegea mtu anapojawa na hofu au hasira.

Kuhema kwa haraka huongeza tatizo jingine. Hewa ukaa hupungua mno katika damu, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo hubana, kichwa huwa chepesi na vidole hufa ganzi. Mtu hudhani hewa haimtoshi, akazidi kuhema. Hali ya tahadhari ikiendelea kwa miezi, usingizi hukatika, shinikizo la damu hupanda, na hasira ambayo haikutoka barazani humwagika nyumbani.

Kwa nini pumzi

Huwezi kuuamuru moyo upunguze mwendo wala jasho likauke. Pumzi hujiendesha yenyewe, lakini pia hukutii ukiishika, na kupitia kwayo unaufikia moyo. Tunapovuta pumzi mapigo huongezeka kidogo. Tunapoitoa hupungua, kwa kazi ya neva ya vagasi inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni. Anayeirefusha pumzi ya kutoka huupa moyo muda zaidi wa kutulia. Mtu mzima aliyepumzika hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akishuka hadi kama mara 6, mapigo ya moyo na shinikizo la damu huanza kwenda pamoja, na mwili hulirekebisha shinikizo hilo vizuri zaidi.

Mwaka 2001 mtafiti Luciano Bernardi na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kusali rozari kwa Kilatini, na kukariri maneno ya yoga, vyote viwili vilishusha upumuaji hadi takriban mara 6 kwa dakika. Kwa Muislamu anayevuta uradi baada ya sala, au Mkristo aliyezoea kusali kwa kukariri, jambo hili halitakuwa geni.

Tuseme ukweli wote. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliona kwamba dakika 5 kwa siku za kuvuta pumzi mara mbili na kuitoa kwa muda mrefu, kwa mwezi mmoja, ziliboresha hisia za washiriki. Mwaka huo huo jaribio la watu 400 Uingereza liliwalinganisha waliopumua polepole sana na waliopumua mara 12 kwa dakika. Makundi yote mawili yalipata nafuu, bila tofauti kati yao. Funzo langu ni hili: usiiabudu hesabu. Huenda sehemu kubwa ya faida imo katika kuketi kila siku na kuitazama pumzi yako.

Namna ya kufanya

Simu ikilia usiku: kabla ya kupokea, vuta pumzi kwa pua hadi kifua kijae, ongeza mvuto mfupi juu yake, kisha toa taratibu kwa mdomo mpaka iishe. Mara 2 au 3 zinatosha.

Kila siku: keti dakika 5, mkono juu ya tumbo. Vuta kwa hesabu ya 4, tumbo liinuke. Toa kwa hesabu ya 6.

Barazani: kikao hufunguliwa kwa dua. Sauti zikipanda katikati, mwenyekiti anaweza kuomba kimya kifupi tena, kisha arudi kuzungumza polepole.

Ukisikia kizunguzungu, acha na upumue kawaida. Mwenye pumu au ugonjwa wa moyo amwone mhudumu wa afya kwanza. Aliyenusurika shambulio au mafuriko asilazimishwe kufumba macho, maana picha za siku ile huweza kurudi. Na anayekosa usingizi kwa wiki kadhaa, au anayeona maisha hayana maana, anahitaji zaidi ya pumzi. Nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupigwa bila malipo.

Jukumu la pamoja

Kiongozi aliyezoea kuitazama pumzi yake hujua mapema kwamba hasira inapanda, na hupata nafasi ya kuchagua. Huo ni ukomavu wa uongozi. Wazee wa mabaraza ya jadi, la Gasa la Wapokomo na la Matadeda la Waorma, ambao huitwa kusuluhisha watu wakiwa wameumia, wanastahili kushirikishwa mafunzo haya sawa na machifu, kabla ya msimu wa mvua na si baada ya maafa.

Lakini tusimfundishe chifu kupumua ili tumwongezee mzigo. Aliyesimamia uokoaji wiki nzima apewe siku za kupumzika, awe na mwenzake wa kushika zamu, na apate mshauri wa kuzungumza naye bila kuogopa kuitwa dhaifu. Zoezi la pumzi humsaidia kuvuka usiku mmoja mgumu. Kuupunguza mzigo wenyewe ni wajibu wa waliomweka kazini, nao waanze kwa kuandika zamu za machifu sasa, mto ukiwa bado umo ndani ya kingo zake.