Kompyuta ifike Kalemie ikiwa tayari

Kompyuta ikishuka bandarini Kalemie bila programu, shida ndio inaanza: kupakua Windows peke yake ni giga kadhaa, na mega tunanunua kwa makuta yetu. Viwanda kama Dell na HP huwawekea wateja wakubwa programu zao kabla ya kusafirisha. Basi nasi tumuombe muuzaji wa Lubumbashi au Kigoma aweke programu yetu ya hesabu: ya Kifaransa, yenye franka na dola, majina ya wanachama na kilo za mahindi. Aijaribu intaneti ikiwa imezimwa. Hapo ndipo nyingi zinagoma! Pesa iliyobaki mlipe mkiisha kuona risiti moja imechapishwa. Na mudai namba ya leseni pamoja na nakala kwenye fleshi, maana mashine inaweza kufa katikati ya mavuno.